Mwanasheria wa Kampuni: Mwajiriwa Kama Sisi, Lakini Si Wakili Wetu

Katika makampuni makubwa yenye viwanda na mashamba yuko mtu mmoja ambaye wengi wetu hatumjui hata kwa sura. Ofisi yake iko juu, karibu na ya mkurugenzi. Kesi za wizi si zake, na za kufukuzwa kazi si zake. Yeye hulinda mali isiyoshikika kwa mkono: jina la sabuni, alama iliyoko kwenye pakiti ya majani ya chai, namna mpya ya kutengeneza mashine, siri ya kuchanganya rangi. Mali hiyo huitwa miliki bunifu, yaani mali inayotokana na akili ya mtu.

Sisi wa chama hukutana naye pale mikataba inapojadiliwa. Huja na makabrasha yake, hukaa upande wa mwajiri, huzungumza kidogo. Lakini wakati wa chai hunung'unika kama mfanyakazi mwingine yeyote. Tumesikiliza manung'uniko hayo, tukaona yafaa wenzetu wayajue, kwa sababu mengi yanaishia kwenye zamu zetu na mishahara yetu.

HUAMBIWA MWISHO

Uchungu wake wa kwanza ni kuambiwa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Watu wa mauzo huchagua jina la bidhaa mpya, huchapisha makasha, hutangaza redioni. Siku mbili kabla ya lori la kwanza kutoka getini ndipo humpigia simu: "Bwana, jina hili ni letu?" Akitazama katika daftari la msajili akakuta jina lina mwenyewe, huambiwa kwamba yeye ndiye anayekwamisha kazi. Akikuta ni salama, hakuna anayemshukuru. Fundi wa mashine anaijua hali hii: mtambo ukienda vizuri hakuna anayemkumbuka, ukisimama kila mtu anamwita.

Mafundi nao humtia mashakani. Fundi akibuni kifaa, furaha humfanya akionyeshe kwenye maonyesho ya biashara. Lakini hataza, yaani haki ambayo serikali humpa mwenye uvumbuzi ili wengine wasiutumie bila ruhusa yake kwa muda wa miaka 20, hutolewa kwa jambo jipya tu. Sheria ya Kenya humpa mvumbuzi aliyeonyesha kazi yake muda wa miezi 12 kupeleka maombi. Ulaya, kwa kawaida, kilichokwisha kuonyeshwa hadharani si kipya tena, na mlango umefungwa. Mwanasheria hupata habari kwa kusoma gazeti, pamoja na picha ya mkurugenzi akitabasamu kando ya kifaa.

LORI LINAVUKA MPAKA, JINA HALIVUKI

Sisi wa nchi jirani tunaona malori yakivuka mipaka kila siku. Bidhaa ni ileile na kasha ni lilelile. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki haina daftari moja la alama za biashara. Jina lililoandikishwa Nairobi halina ulinzi Kampala kwa sababu hiyo peke yake. Tanzania Bara ina msajili wake na Zanzibar ina wake. Liko shirika la ARIPO lenye makao Harare, ambalo hupokea maombi ya nchi kadhaa kwa pamoja, ila si nchi zetu zote zimejiunga na mkataba wake wa alama za biashara.

Tarehe nazo hazilingani. Nchini Kenya alama huandikishwa kwa miaka 10. Uganda na Tanzania Bara huanza na miaka 7, kisha hurudiwa kila miaka 10. Hataza hudai ada mwaka hadi mwaka. Basi mwanasheria huyu huishi na kalenda kama mkulima anayesubiri mvua. Akipeleka hesabu ya ada, mhasibu humwuliza: "Jina hili tulikwisha kulilipia, mbona tunalipa tena?" Hueleza leo, na mwakani hueleza upya.

Tusicheke. Jina likiachwa bila mlinzi, huja mtu na sabuni ya nusu bei ndani ya kasha lililofanana na letu. Mnunuzi hudanganyika, ngozi yake huwasha, naye hulaumu kiwanda chetu. Maagizo hupungua. Kwanza hufutwa zamu ya usiku, halafu huondolewa vibarua, halafu tunaitwa mezani kuzungumzia kupunguza watu. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, lakini sheria humsaidia mwenye jina anayeweza kuonyesha haki yake. Ada ndogo iliyokataliwa ofisini inaweza kuwa mshahara uliopotea kiwandani.

JINA LIKIPENDWA MNO

Yako mengine ya kustaajabisha. Ukienda dukani kutafuta dawa ya meno, mara ngapi unaomba "kolgeti", hata kama utapewa ya kampuni nyingine? Na unga wa kufulia mara ngapi unaitwa "omo"? Mtu wa mauzo husikia hayo akafurahi. Mwanasheria hukosa usingizi. Jina la kampuni moja likigeuka kuwa jina la kitu chenyewe, mahakama inaweza kusema si la mtu tena. Ndivyo lilivyopatikana na jina aspirini huko Marekani mwaka 1921. Mahakama iliona kwamba wanunuzi wa kawaida walilijua kama jina la dawa, wala si alama ya kampuni ya Bayer. Basi mwanasheria hukaa akiandika barua kwa magazeti na wenye maduka, akiwasihi watu waache kulitumia hovyo jina ambalo wenzake wa mauzo wanalipa fedha ili litajwe kila mahali.

SAHIHI YA MVUMBUZI

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa zaidi. Mwenzetu wa mashineni anagundua njia ya kuzuia nyuzi zisikatike, au ya kukausha majani ya chai kwa kuni chache. Siku moja mwanasheria anashuka kutoka juu na karatasi: tia sahihi hapa. Mwenzetu anauliza, "Nami nitapata nini?" Mwanasheria anakaa kimya. Baadhi yao wametuambia kwamba swali hilo ndilo gumu kuliko yote ya kazi yao, kwa maana jibu hawanalo wao. Wanalo wakubwa, na wakubwa hawajasema.

Sheria inasemaje? Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inasema uvumbuzi uliofanywa katika kutimiza kazi ya mkataba wa ajira ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine. Sheria hiyo inataja pia malipo ya haki kwa mvumbuzi katika hali fulani. Ujerumani ina sheria maalumu tangu mwaka 1957, ambayo humtaka mwajiri anayechukua uvumbuzi wa mfanyakazi amlipe inavyostahili.

Uingereza kuna kesi ambayo kila mfanyakazi angeijua. Ian Shanks aliajiriwa katika maabara ya Unilever, kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa sabuni na chai. Mwaka 1982 alibuni kifaa cha kupima sukari katika damu. Cha kwanza alikiunga nyumbani kwake kwa vioo vya darubini ya kuchezea ya binti yake, karatasi ya plastiki na vibanio. Hataza zikawa za kampuni, nayo ikapata kama pauni milioni 24. Mwaka 2006 Shanks alidai fungu lake. Alishindwa ngazi za chini, moja baada ya nyingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikamwamuru mwajiri amlipe pauni milioni 2. Alidai kwa miaka 13, naye ni mtu msomi. Sisi je?

ANAMTUMIKIA NANI?

Hapa ndipo wenzetu wengi wanapoteleza. Wanamwona mwanasheria ni mpole, anawasikiliza, anawaeleza sheria, wakadhani ni wakili wao. Siye. Huko Marekani jambo hili lilitiwa mkazo na kesi ya kampuni ya dawa ya Upjohn mwaka 1981. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba siri ya mazungumzo kati ya wafanyakazi na mwanasheria wa kampuni inalindwa kwa ajili ya kampuni. Tangu hapo wanasheria wa huko wana desturi ya kumwonya mfanyakazi kabla ya mazungumzo: ninaiwakilisha kampuni, wewe sikuwakilishi.

Naye kwa upande wake hana uhuru mwingi. Mwaka 2010, katika kesi ya kampuni ya Akzo Nobel, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba mwanasheria aliyeajiriwa na kampuni hana uhuru sawa na wakili wa nje, kwa kuwa anamtegemea mwajiri. Kwa hiyo barua zake kwa wakubwa wake hazikupewa ulinzi wa siri katika uchunguzi wa ushindani wa kibiashara. Wanasheria hawakupendezwa. Lakini sisi tunaielewa hukumu hiyo bila kwenda chuo: anayepokea mshahara anajua mlango wa kutokea uko wapi.

Basi tusimchukie, wala tusimkabidhi yasiyo yake. Ukiona sokoni bidhaa bandia yenye jina la kiwanda chako, mpelekee habari mapema, maana hapo faida yake na yetu ni moja. Ukibuni jambo kazini, andika tarehe na ueleze ulivyofanya, tunza karatasi hiyo, wala usilitangaze nje. Ukiletewa fomu ya kutia sahihi, omba nakala na muda wa kuisoma pamoja na mwakilishi wako wa chama.

Na sisi viongozi tuna kazi yetu. Mikataba yetu ya pamoja ina vifungu vya likizo, matibabu na viatu vya kazi. Iongezwe kifungu kinachosema mfanyakazi aliyebuni jambo lenye faida atalipwa kwa kipimo gani na katika muda gani. Siku kifungu hicho kitakapoandikwa, mwanasheria akishuka na karatasi yake na kuulizwa "Nami nitapata nini?", jibu litakuwa limekwisha kuandikwa katika mkataba.