Kabla hujanunua kifaa cha kushikia patasi wakati wa kunoa

Leo naongea na mafundi seremala wenzangu, hasa nyie mnaofanya kazi na vijana wa kujifunza.

Mwaka jana nilipata oda ya milango mitano ya mninga. Kijana wangu akawa anachimbia bawaba, patasi inatafuna mbao badala ya kukata. Bawaba hazikukaa, mlango mmoja ukapasuka ukingoni. Mteja alikata Sh80,000 kwenye malipo ya mwisho na sikuwa na la kumjibu.

Kosa halikuwa la kijana. Tulikuwa tunanoa kwa mkono, kila mtu na mwinamo wake, mimi asubuhi yeye mchana, mpaka makali yakawa mviringo kama mgongo wa kijiko. Kabla ya hapo tulikuwa tunapeleka kwenye mashine ya kusagia vyuma. Huko ncha iligeuka bluu, na ikishakuwa bluu ujue chuma kimelainika, makali hayadumu.

Ndio nikatafuta kile kifaa chenye gurudumu chini, kinachobana patasi ili mwinamo usibadilike ukiisukuma kwenye jiwe. (Kama hela haitoshi vyote viwili, anza na jiwe.)

Cha kwanza nilifuata bei. Kilikuwa na gurudumu pana na kinabana kwa kukandamiza kutoka juu. Jino la randa kilishika vizuri maana ni pana. Patasi ya milimita 6? Inazungukia humo humo, ukimaliza makali yamekaa mshazari. Sasa ni cha randa tu.

Cha pili ndicho natumia mpaka leo. Kina taya mbili zinazobana ubavuni, skrubu moja, na gurudumu jembamba. Patasi inakaa katikati yenyewe. Ila hivi vya bei chee mara nyingi vina mabaki ya chuma kwenye taya, changu nilikaa nacho karibu nusu saa na tupa ndio kikanyooka. Kwa hiyo ukienda dukani beba patasi yako nyembamba kuliko zote pamoja na jino la randa, vibane palepale, tingisha. Zungusha gurudumu uone kama linayumba. Muuzaji akikukatalia kujaribu, ondoka zako.

Sasa kipimo, hapa ndipo wengi wanabahatisha. Kwa kifaa cha aina hii cha ukubwa wa kawaida, patasi ikichomoza milimita 40 mbele ya taya unapata nyuzi 25, ikichomoza 30 unapata nyuzi 30. Jino la randa linakaa juu zaidi, kwa hiyo ni 50 kwa nyuzi 25 na 38 kwa nyuzi 30. Kwa mbao ngumu kama mninga mimi nakaa kwenye 30. Nimepigilia vizuizi vya mbao kwenye kipande cha ubao kwa vipimo hivyo vinne. Kijana anagusisha ncha kwenye kizuizi, anakaza skrubu, ananoa. Hakuna kuniuliza.

Mgongo wa patasi unanolewa bila kifaa, umelala bapa kwenye jiwe, mpaka ule ukingo wa chuma uliojikunja utoke. Na ukimaliza futa gurudumu, weka tone la mafuta. Unga wa jiwe ukiingia kwenye ekseli gurudumu linagoma, linaanza kuburuzwa, na likishalika upande mmoja unarudi dukani.