Kidoko si Ushahidi wa Safari

Katika wilaya za Kondoa na Chemba, kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, pamoja na majirani zao wa Babati, Hanang na Mkalama, hukutana lugha ambazo kwingine barani Afrika ni nadra kukutana. Kirangi na Kigogo ni za Kibantu. Kialagwa na Kiburunge ni za Kikushi. Kidatoga cha Wabarabaig ni cha Kiniloti. Kisandawe cha Kwa Mtoro na Farkwa, na Kihadzabe cha Bonde la Eyasi, ni lugha za vidoko, yaani sauti zinazotolewa kwa kugonga ulimi kinywani. Kwa mwanafunzi wa uzamivu anayetaka kuchunguza mipaka, uhamaji na wingi wa lugha, ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi. Hata hivyo mapendekezo mengi ya utafiti kuhusu eneo hili huanza, na mengine huishia, kwenye swali moja: Wasandawe walitoka Afrika Kusini lini?

Swali hilo limekwisha kuchosha. Anayeuliza "lini" amekwisha kukubali kwamba walitoka huko, na hilo ndilo lisilo na ushahidi. Hoja inayosimuliwa vijiweni, na wakati mwingine darasani, ni fupi: watu wa Jangwa la Kalahari wana vidoko, Wasandawe wana vidoko, kwa hiyo Wasandawe ni watu wa Kalahari waliopotea njia wakafika Kondoa. Kwa mantiki hiyohiyo Wairaqw wa Mbulu huelezwa kuwa wametoka Iraki, eti kwa kuwa majina yanafanana, ilhali ndugu wa karibu wa lugha yao wapo Kolo na Goima, wakizungumza Kialagwa na Kiburunge.

Imani hii ina historia yake. Mjerumani Otto Dempwolff alichapisha kitabu juu ya Wasandawe mwaka 1916, na wasomi wa Ulaya wakaanza kuwalinganisha na watu wa kusini. Mwaka 1963 Mmarekani Joseph Greenberg aliziweka Kisandawe, Kihadzabe na lugha za vidoko za kusini zisizo za Kibantu katika kundi moja aliloliita Khoisan. Kundi hilo leo halitetewi na wanaisimu wengi. Kihadzabe hakijathibitishwa kuwa na ndugu popote duniani. Kisandawe, kilicho jirani yake, hakishirikiani nacho msamiati wa msingi wa kutosha kuitwa ndugu. Ikiwa lugha mbili zilizo umbali wa siku chache kwa miguu haziunganishwi na vidoko vyao, ni ajabu kuvitegemea vidoko hivyo viunganishe Chemba na Botswana.

Isitoshe, vidoko huazimwa. Kizulu na Kixhosa ni lugha za Kibantu kama Kiswahili, na zina vidoko tele walivyopata wazungumzaji wake kwa kuoana na kuishi pamoja na majirani waliowakuta kusini. Hakuna anayedai kwamba Wazulu si Wabantu. Nchini Kenya, karibu na mlango wa Mto Tana, Wadahalo wachache wanazungumza lugha ya Kikushi yenye maneno kadhaa ya vidoko. Nao hakuna aliyewapeleka Kalahari. Sauti huhama kwa ndoa, kwa watoto wanaolelewa na bibi wa lugha nyingine, na kwa kabila dogo kumezwa na kubwa. Mtu anaweza kurithi vidoko bila babu yake kuvuka mto hata mmoja.

Wapo wataalamu makini, hasa Tom Güldemann na Edward Elderkin, wanaoona dalili za uhusiano wa mbali kati ya Kisandawe na lugha za Kikhoe za Namibia na Botswana. Hoja yao haisimami juu ya vidoko. Inategemea zaidi viwakilishi na maumbo ya maneno. Na hata ikikubaliwa yote, inageuza safari kichwa chini miguu juu: ni wafugaji wa Afrika Mashariki walioshuka kusini yapata miaka 2,000 iliyopita. Wanaopenda kunukuu uhusiano huo kama uthibitisho wa kutoka Kusini huwa hawajasoma zaidi ya kichwa cha makala.

Vinasaba navyo haviwasaidii. Utafiti wa timu ya Sarah Tishkoff uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba Wasandawe na Wahadzabe wako karibu zaidi wao kwa wao kuliko walivyo na watu wa vidoko wa kusini, na kwamba mashariki na kusini vilitengana makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Katika muda huo lugha hubadilika kiasi cha kutotambulika. Wengine hukimbilia michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro hiyo inaeleza mengi kuhusu wanyama na ibada, lakini mwamba hausemi mchoraji alizungumza lugha gani.

Swali la pili huja likiwa limevaa nguo za kisomi zaidi: mpaka wa Wasandawe, au wa Warangi, au wa Wagogo, uko wapi? Mipaka inayochorwa kwenye ramani za makabila ilitengenezwa ofisini. Chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 ilitaka kila kabila liwe na kiongozi na eneo lake, hata pale ambapo hapakuwa na kabila la namna hiyo. Ugogo ulikuwa na watemi wengi wa maeneo madogo, na koo zake husimulia asili za Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na za wafugaji wa Kibaraguyu. Mathias Mnyampala aliandika kuhusu historia na mila za Wagogo mwaka 1954, na Peter Rigby akafuata mwaka 1969. Asomaye kazi zao haoni ukoo mmoja uliotoka mahali pamoja. Ugogo ulijengwa na watu waliohamia.

Takwimu nazo zichukuliwe kwa tahadhari. Sensa ya mwisho kuuliza kabila Tanzania ilikuwa ya mwaka 1967. Idadi yoyote ya wazungumzaji inayotajwa baada ya hapo, ikiwemo ile ya Wasandawe wapatao 60,000, ni makadirio. Hata Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, ambayo ndiyo kazi bora iliyopo, inakadiria.

Lililo la kweli na linalochunguzika ni namna lugha hizi zinavyokaa pamoja. Waalagwa wa Kolo karibu wote wanajua Kirangi. Warangi nao kwa muda mrefu waliwategemea Waalagwa katika mambo ya kuleta mvua. Ukaribu wa aina hiyo huacha alama ndani ya sarufi. Kiswahili husema "atakuwa analima", kitenzi kisaidizi kikitangulia. Kirangi, katika wakati ujao, huanza na kitenzi kikuu na kuweka kisaidizi nyuma yake, jambo nadra sana kwa lugha za Kibantu. Kimbugwe cha Babati hufanya vilevile. Baadhi ya wanaisimu wanaona hapo mkono wa Kikushi. Tasnifu ya uzamivu ya Hannah Gibson ya mwaka 2012 inashughulikia jambo hilo dogo la mpangilio wa maneno, na imefundisha zaidi kuhusu mipaka kuliko ramani kumi za makabila. Mwaka huohuo Sander Steeman alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Leiden tasnifu juu ya sarufi ya Kisandawe, bila kumsafirisha mtu yeyote.

Uhamaji wa miongo ya karibuni nao haukosi mada. Wabarabaig walipoteza malisho Hanang kwa mashamba ya ngano ya serikali na kutawanyika na ng'ombe wao. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 iliwakusanya watu katika vijiji vya pamoja. Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia mwaka 2016 ilileta maelfu ya watu wanaokijua Kiswahili tu na lugha ya kwao mbali, na sensa ya 2022 ilikuta mkoani watu 3,085,625.

Kwa anayeandaa utafiti, mambo ya lazima ni haya. Achague kijiji kimoja au viwili vyenye lugha zaidi ya moja. Aulize nani kaoa wapi, na lugha ipi inatumika mnadani, kisimani, msikitini na jikoni. Arekodi mazungumzo, si orodha ya maneno peke yake. Barua ya chuo ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Mgeni kutoka nje ya nchi aombe mapema kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Apate ridhaa ya kila anayerekodiwa, na arudishe nakala kijijini.

Muda hauko upande wa watafiti. Kikw'adza kilichozungumzwa Mpwapwa hakina tena mzungumzaji, na kilichobaki ni orodha chache za maneno. Kialagwa na Kiburunge bado vina wazee wa kuketi nao, na vijana wao wengi wanahamia Kirangi na Kiswahili. Ufadhili wa uzamivu uliopo uelekezwe huko.