Ngumbaru au Mwanafunzi? Kisa cha Shule ya Kapkenduiyo

Wahenga walituusia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Wengi wameigeuza methali hii kuwa hukumu, kwamba aliyekosa shule utotoni ameikosa daima. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi shule moja ya umma, Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo mjini Eldoret, ilivyoitilia shaka hukumu hiyo, na funzo ambalo wapenzi wa Kiswahili wanaweza kulipata katika kisa chake.

Tuanze na neno ngumbaru. Kwa asili neno hili humtaja mtu mzima asiyejua kusoma wala kuandika. Nchini Kenya maana yake imepanuka hata likawa jina la darasa lenyewe, ndiposa tukasikia kuwa fulani "anasoma ngumbaru." Madarasa hayo yana historia ndefu. Bodi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya mwaka 1966. Mnamo Desemba 1978 Rais Daniel arap Moi alitangaza vita dhidi ya kutojua kusoma, na mwaka 1979 idara maalumu ikaanzishwa. Wengi walinufaika, hasa wanawake. Hata hivyo, jina liliendelea kuuma, kwa kuwa linamtambulisha mtu kwa kile asichokijua.

Mwezi Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Mwaka uliofuata, Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyepigania uhuru katika Mau Mau, alijiandikisha katika darasa la kwanza huko Kapkenduiyo akiwa na umri wa miaka 84. Alivaa sare kama wenzake, akaketi na watoto wa rika la wajukuu wake, ambao baadhi yao walisoma shuleni humo. Alitamani kuisoma Biblia mwenyewe na kujua kuhesabu. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa kiranja mkuu, na mwezi Septemba mwaka huo akasafiri hadi New York kuutetea mbele ya Umoja wa Mataifa wito wa elimu ya msingi isiyolipiwa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimtoa kwake, akaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, lakini hakuacha masomo. Baadaye alihamia Nairobi na kuendelea kusoma. Alifariki mwezi Agosti 2009 kabla ya kumaliza shule ya msingi.

Wapo waliouliza, na swali lao lina uzito: je, ni haki mzee kukalia dawati ilhali madarasa yamefurika watoto? Isitoshe, mtu mzima ana mahitaji yake. Ana shamba, biashara na familia, na huenda darasa la jioni likamfaa zaidi. Hoja hizi zinahusu saa na nafasi. Hazigusi haki ya kusoma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa asilimia 38.5 ya watu wazima nchini hawakuwa wamefikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Hao si wachache wa kuhurumiwa pembeni. Ni takriban wawili katika kila watano.

Hapa ndipo lugha inapotufaa. Katika neno mwanafunzi, mwana- haimaanishi mtoto, kama vile isivyomaanisha mtoto katika mwanachama au mwanajeshi. Humtaja mhusika wa jambo. Mwanafunzi, basi, hana umri. Hutambulishwa kwa kile anachokitafuta. Kapkenduiyo ilimwandikisha Maruge kwa jina hilo. Nasi tunaofundisha na kuandika Kiswahili tuna hiari ya jina tutakalompa bibi anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza. Tukimwita mwanafunzi, hatutakuwa tumempa heshima ya bure. Tutakuwa tumesema kweli.