Hazina ya Jiji Inapopungua: Pengo Hubebwa na Nani?

Halmashauri ya Jiji inapopotelewa na chanzo cha mapato, mazungumzo ya kwanza katika Kamati ya Fedha huwa juu ya tarakimu. Mweka Hazina husoma makisio, madiwani huuliza ni shilingi ngapi zimekosekana, na Mkurugenzi huahidi kuandika barua Wizarani. Hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Swali la msingi, ambalo mara nyingi haliingii katika kumbukumbu za kikao, ni hili: pengo lililotokea litabebwa na nani? Pengo la hazina halikai hewani. Litamwangukia mwenye ghorofa, au mama auzaye mchicha sokoni, au mtoto atakayekaa sakafuni kwa sababu madawati hayakununuliwa. Na hata pale Serikali Kuu inapolijaza, hulijaza kwa masharti yake. Kwa hiyo, upungufu wa mapato ni suala la siasa kabla ya kuwa suala la uhasibu.

Makala haya yanalichambua suala hilo kwa mfano wa Tanzania, na hasa Dar es Salaam, ambako katika muda wa kizazi kimoja tu kodi za mji zimefutwa, zimehamishwa, zimerudishwa na kuhamishwa tena.

Kwanza hatuna budi kukumbuka kodi zenyewe zilitoka wapi. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, shabaha yao haikuwa kujaza hazina tu. Walitaka kumlazimisha Mwafrika atafute fedha, yaani akauze jasho lake katika mashamba ya walowezi au alime mazao waliyoyataka wao. Waingereza waliendelea na mtindo huo, na kodi ya kichwa ikawa alama ya kutawaliwa. Ndiyo sababu kufutwa kwa kodi ya kichwa ya serikali za mitaa mwaka 1969 kulipokewa kwa furaha, na ilikuwa furaha ya haki. Lakini tendo hilo la haki lilikuwa na upande wa pili. Halmashauri zilizokuwa zikiitegemea kodi hiyo zilibaki na majukumu yale yale na mifuko mitupu. Mwaka 1972, ulipoanzishwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata. Kuzivunja kulikuwa rahisi, maana chombo kisichokuwa na mapato yake tayari kilikuwa kimekwisha nusu.

Matokeo yake mijini yanajulikana. Mitaro iliziba, takataka zikarundikana, na kipindupindu kikaingia katika miji yetu mnamo miaka ya 1976 na 1977. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria ya muda, na sheria za mwaka 1982 zikazijenga upya serikali za mitaa zote.

Halmashauri zilizofufuliwa zilihitaji fedha, na hapo ndipo ikaja kodi ya maendeleo. Kwa jina ilikuwa mpya, lakini kwa tabia ilikuwa ndugu wa kodi ya kichwa. Kila mtu mzima alidaiwa kiasi kile kile bila kutazamwa hali yake. Vijijini mgambo waliweka vizuizi barabarani na wanaume walilala porini msimu wa ukusanyaji. Mapato mengi yaliishia kuwalipa wale wale waliotumwa kuyakusanya. Serikali ilipoifuta kodi hiyo mwaka 2003, pamoja na utitiri wa ushuru mdogo mdogo, na mwaka uliofuata ikafuta ada za leseni za biashara kwa wafanyabiashara wadogo na kuzipunguza kwa wengine, iliondoa kero ya kweli.

Ukinzani wenyewe ndio huu: kodi inaweza kuwa dhalimu kwa mlipaji, na kufutwa kwake kukawa pigo kwa huduma za mlipaji huyo huyo. Anayeuona upande mmoja tu hataelewa lolote. Yule anayeililia kodi ya maendeleo kwa sababu tu ilijaza hazina amesahau mgambo. Na yule anayeshangilia kufutwa kwake bila kuuliza zahanati itaendeshwa kwa fedha gani, huyo naye anajidanganya.

Pigo hilo lilizidishwa na kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Halmashauri huanza kupanga bajeti yake miezi mingi kabla, ikipitia kata, kamati na baraza la madiwani, na halafu mkoa. Hotuba ya Bajeti ya Serikali husomwa Bungeni mwezi Juni. Basi kodi ikifutwa katika hotuba ya Juni, halmashauri hujikuta ina bajeti iliyokwisha kupitishwa juu ya fedha ambazo hazitakuwapo wiki chache baadaye. Watumishi wameajiriwa na mikataba imetiwa saini, na kata zimeahidiwa barabara zao.

Katika hali hiyo halmashauri hufanya nini? Kwa kawaida huanza na kile kisichopiga kelele. Mishahara ya wengi hulipwa na Serikali Kuu, kwa hiyo haiguswi. Posho za vikao hupunguzwa mwisho kabisa, kama zitapunguzwa. Kinachoguswa mapema ni matengenezo: mtaro unaopaswa kuzibuliwa kabla ya masika huachwa, taa ya barabarani iliyoungua haibadilishwi, na gari la taka lililoharibika husubiri kipuri. Mkandarasi huambiwa angoje, naye huwaambia vibarua wake wangoje. Kwa maneno mengine, Jiji hukopa bila hati ya mkopo. Hukopa kwa mkandarasi na kibarua, na hukopa kwa mtaro wenyewe, ambao hulipiza siku ya mvua kubwa katika mabonde ya Msimbazi na Jangwani. Hazina husomeka kuwa na nafuu kwa mwaka mmoja, na gharama huhamia katika nyumba za makabwela.

Hatua ya pili ni kutafuta fedha palipo karibu. Ushuru wa meza sokoni hukusanywa kila siku kwa mkono na risiti ndogo. Hauhitaji mthamini, mwanasheria wala kesi. Kampuni kubwa ina mhasibu na wakili. Mchuuzi ana beseni. Si ajabu basi kwamba wakala wa ushuru huonekana sokoni mapema kuliko afisa wa Jiji anavyoonekana katika ofisi za makampuni. Huo ndio urahisi wa kiutawala, na urahisi huo una tabaka lake.

Ili kuziba pengo la 2003 na 2004, Serikali Kuu ilitoa ruzuku ya fidia. Bila shaka ruzuku hiyo ilisaidia, na katika nchi yenye wilaya maskini na miji yenye biashara nyingi, kugawana kupitia hazina ya taifa ni jambo la usawa. Lakini shilingi ya ruzuku na shilingi iliyokusanywa mtaani hazifanani kikazi. Ya ruzuku huja kwa ratiba ya mtoaji. Tena, tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Chanzo cha ndani kikihamishwa kwenda juu, fungu hilo hupungua papo hapo, hata kama ruzuku imerudisha kila senti. Kikundi cha akina mama wa Temeke hakitajua kuwa mkopo wao ulipotea katika kifungu cha sheria ya fedha.

Hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi kuliko katika kodi ya majengo. Hii ndiyo kodi inayolingana zaidi na mji. Jengo halihami wala halifichiki, na thamani yake hupanda kwa sababu umma umejenga barabara na kuleta maji. Sheria ya mwaka 1983 iliziwezesha halmashauri za miji kuitoza kwa kufuata uthamini. Mwaka 2008 ukusanyaji wake katika Dar es Salaam ulikabidhiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2014 ukarudishwa kwa manispaa. Kuanzia mwaka wa fedha 2016/17 ukachukuliwa tena, na mwaka 2017 ada za mabango ya matangazo nazo zikafuata. Kila mara ulipohama, rejista za majengo, maafisa waliozizoea na mazoea ya walipaji vilivurugika. Hakuna mkusanyaji anayeboresha rejista asiyojua kama itakuwa yake mwakani.

Halafu kikaja kiwango cha mkupuo. Mwaka 2018 nyumba ya kawaida isiyofanyiwa uthamini iliwekewa shilingi 10,000 kwa mwaka, na ghorofa mjini shilingi 50,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2021 kodi ikaingizwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 1,500 tangu mwaka 2023. Kwa wepesi wa kukusanya, mpango huu hauna mfano, na waliotumia miaka kukimbizana na wadaiwa wana haki ya kuusifu. Lakini kumbe wepesi umenunuliwa kwa bei gani! Nyumba ya chini ya Tandale na nyumba ya chini ya Masaki zinalipa sawa. Na kwa kuwa anayenunua umeme ni mpangaji, kodi ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba humkata mpangaji kwanza. Kumdai mwenye nyumba arudishe ni haki iliyoandikwa, lakini mwenye chumba kimoja cha kupanga hathubutu kuidai.

Wako wanaodhani kwamba shida hii ni ya nchi maskini tu. Mfano wa New York unawakanusha. Jiji hilo, lililo kitovu cha mabenki ya ubepari, lilikuwa likikopa kwa muda mfupi kwa kutarajia kodi za mbele, huku viwanda na wakazi wenye kipato vikihama na uchumi ukidorora. Mwaka 1975 mabenki yalikataa kuendelea kukopesha. Bodi ya dharura ya fedha ilipewa mamlaka juu ya bajeti ya meya aliyechaguliwa. Maelfu ya wafanyakazi waliachishwa, nauli ya treni za chini ya ardhi ikapanda kutoka senti 35 hadi 50, na mwaka 1976 chuo kikuu cha jiji, kilichowasomesha watoto wa wafanyakazi bila ada tangu karne ya 19, kikaanza kutoza. Walioliokoa jiji lisifilisike kwa sehemu kubwa walikuwa wafanyakazi wenyewe, kwa akiba za mifuko yao ya pensheni. Huko pengo lilipelekwa chini na mkopeshaji. Kwetu mara nyingi limepelekwa chini na mazoea.

Mazoea hubadilishika, na nyenzo ipo. Halmashauri bado ina ushuru wa huduma, unaotozwa kwa asilimia ndogo ya mauzo ya makampuni yanayofanya biashara katika eneo lake. Ni ushuru unaomwangukia mwenye uwezo, na ndio unaokwepwa kwa urahisi, kwa sababu hesabu za mauzo ziko mikononi mwa Mamlaka ya Mapato na afisa biashara wa Jiji hulazimika kuziomba. Diwani anayetaka kujua pengo linabebwa na nani asianze na jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa. Aombe orodha mbili zisomwe katika kikao kimoja: orodha ya makampuni ya kata yake yaliyolipa ushuru wa huduma mwaka jana, na orodha ya wachuuzi walionyang'anywa bidhaa zao kwa kukosa risiti.