Kinachotangulia Mezani Ndicho Kiliwacho

Katika jimbo la Florida, kusini-mashariki ya Marekani, jirani na mji wa Orlando, upo mji mdogo wa Kiswahili ambao hakuna Mswahili aliyezaliwa humo. Jina lake ni Harambe. Kuta zake zimepakwa rangi kisha zikapaukishwa makusudi ili zionekane kongwe; majumba yake yameigizwa kwa miji ya mwambao wetu, hasa Lamu; na ukutani pameandikwa "Uhuru 1961". Mji huo haukupata uhuru wowote, kwani haukupata kutawaliwa. Ulijengwa na kampuni ya Walt Disney na kufunguliwa mwaka 1998, ukiwa ni sehemu ya kiwanja cha kufurahishia watu kiitwacho Disney's Animal Kingdom. Hata jina lenyewe ni "harambee" yetu iliyopungukiwa na herufi moja.

Bila ya shaka wapo wasomaji watakaouliza: mji wa mchezo, tena wa ng'ambo, unatuhusu nini sisi wa visiwani? Tunajibu kwamba unatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, wapo ndugu zetu wanaoishi Marekani na Ulaya ambao huwapeleka watoto wao katika viwanja vya namna hiyo wakati wa likizo, na mara nyingine huwaalika wazee wao kutoka huku nyumbani. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, katika viwanja hivyo limefanyika jambo moja kuhusu sahani ya mtoto ambalo kila mwenye dhamana ya watoto, awe mzazi au mtumishi wa Serikali, angefaa kulitazama kwa makini.

Tuanze na hali ya mgeni anayefika huko. Eneo la Walt Disney World lina ukubwa wa takriban maili za mraba 40. Ndani yake mna viwanja vinne vikubwa: Magic Kingdom kilichofunguliwa mwaka 1971, EPCOT cha mwaka 1982, kile cha michezo ya sinema cha mwaka 1989, na hicho cha wanyama tulichokitaja. Familia huingia asubuhi na kutoka usiku. Si ajabu mtu kutembea maili tano au zaidi kwa siku, na jua la Florida katika mwezi wa Julai, likichanganyika na unyevu wa hewa, halina tofauti kubwa na la kwetu wakati wa kaskazi. Watoto hulia, foleni ni ndefu, na kila baada ya hatua chache pana kibanda kinachonukia mafuta ya moto. Humo mna chipsi, vipande vya kuku wa kukaanga, piza, mapaja makubwa ya batamzinga, askirimu na soda za kila rangi. Mtu aliyechoka hachagui chakula, huokota kilichokaribu.

Wahenga wametuambia kwamba njaa ni mwana malegeza na shibe ni mwana malevya. Katika viwanja hivyo wana hao wawili hupokezana zamu kutwa nzima. Mzazi hujifariji kwa kusema, "Siku ni moja tu, waache wale wanachotaka." Lakini safari ya namna hiyo si ya siku moja. Wengi hukaa juma zima, na juma moja ni milo ishirini na mmoja, bila ya kuhesabu vitafunio vya katikati. Kopo moja la soda ya kola lenye mililita 330 lina sukari ipatayo gramu 35. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba ni bora sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi takriban gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko sita vya chai. Kopo hilo moja, basi, limekwisha kupita kiwango cha baba, sembuse cha mtoto wa miaka sita.

Hata hivyo, si kweli kwamba mgeni hana njia. Chakula chepesi kipo kwa mwenye kukitafuta, na yafaa tuzitaje njia hizo kwa faida ya watakaosafiri. Kwanza, viwanja hivyo vinamruhusu mgeni kuingia na chakula chake, ilimradi asichukue vyombo vya gilasi wala pombe. Machungwa, ndizi, mkate na mayai ya kuchemsha vinaweza kubebwa kutoka hotelini. Pili, migahawa inayouza vinywaji kwa bilauri hutoa maji ya barafu bure kwa anayeyaomba. Tatu, sahani za huko ni kubwa, na hakuna aibu watu wawili kula moja. Wala mtu mzima hakatazwi kuagiza mlo wa mtoto katika migahawa ya kujichukulia. Nne, orodha za vyakula hutangazwa mapema, na mwenye kuzisoma kabla ya njaa kumshika huchagua kwa akili, si kwa tumbo. Tano, wapishi wamezoea kuulizwa. Mtu akiomba mchuzi uwekwe pembeni, au matunda badala ya chipsi, haonekani msumbufu. Kwa Mwislamu kuuliza ni lazima zaidi, kwani atataka kujua nyama imechinjwaje. Na asiporidhika, samaki na mboga zipo.

Katika kiwanja cha EPCOT liko banda liitwalo The Land, ambamo wageni hupanda mashua na kupitishwa katika nyumba za vioo zinazooteshwa mboga na matunda, na mabwawa ya kufugia samaki. Sehemu ya mazao hayo hupikwa katika migahawa ya papo hapo. Mtoto aliyekwisha kuiona nyanya ikining'inia juu ya kichwa chake huila kwa hamu zaidi kuliko aliyelazimishwa. Na katika Harambe yetu ile ya kuigiza, kando ya njia iendayo kwenye matembezi ya kuangalia wanyama, wajenzi wake walikumbuka kuweka kibanda cha matunda. Walitambua kwamba mji wa Waswahili usiokuwa na muuza matunda si mji wa Waswahili.

Lakini ushauri wote huo una kasoro moja. Unamtegemea mzazi aliye macho, mwenye elimu, mwenye fedha na asiyechoka. Wazazi wa namna hiyo ni wachache duniani, na saa nane za mchana katika jua kali huwa wachache zaidi. Ndiyo maana tunasema kwamba jambo lenye mazingatio ni lile lililotangazwa na kampuni hiyo mwezi wa Oktoba, mwaka 2006.

Kabla ya hapo, mlo wa mtoto katika migahawa ya viwanja hivyo ulikuja na chipsi na soda. Baada ya hapo ulianza kuja na tunda au mboga, pamoja na maziwa yasiyo na mafuta mengi, maji au maji ya matunda. Mzazi aliyetaka chipsi na soda alipewa bila ya kuongezewa neno, lakini ilimbidi aseme. Hakuna kilichopigwa marufuku, hakuna hotuba iliyotolewa, wala hakuna tangazo la kuwatisha watoto lililobandikwa ukutani. Kilichobadilika ni kile kinachowekwa sahanini pale ambapo mzazi amenyamaza.

Matokeo yake yalipimwa na wataalamu na kuchapishwa mwaka 2016. Ilionekana kwamba karibu nusu ya wageni, yaani asilimia 48, walikubali tunda au mboga iliyokuja na mlo, na theluthi mbili walikubali kinywaji chenye afya. Katika vyakula vya pembeni na vinywaji vilivyouzwa pamoja na milo ya watoto, kalori zilipungua kwa kiasi cha moja ya tano, na mafuta na chumvi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Wageni waliokula hivyo hawakwenda huko kutafuta afya. Walikwenda kucheza.

Tusije tukafahamika vibaya. Kampuni ile haikujengwa kwa ajili ya kulinda figo za watu. Imejengwa kwa ajili ya faida, na hadi leo askirimu na pipi hazikosekani katika vibanda vyake. Aidha, nusu nzima ya wageni waliikataa sahani mpya na kuagiza chipsi zao kama kawaida. Hatumtaki tajiri wa ng'ambo awe mwalimu wetu wa maadili. Lakini mwenye busara huokota funzo popote alikoliona, na ikiwa mwenye kutafuta faida ameweza kuibadilisha sahani ya mtoto bila ya kufunga duka, sisi ambao tumekabidhiwa ustawi wa wananchi tutatoa udhuru gani?

Ndugu wasomaji, hebu turudi nyumbani. Tunavyo viwanja vyetu vya kufurahishia watoto, Kariakoo kwa upande wa Unguja na Tibirinzi kwa upande wa Pemba. Tunavyo viwanja vya Sikukuu, ambako kila Idi watoto humiminika na nguo zao mpya, wakizikamata mkononi fedha walizopewa na wajomba na shangazi. Ni furaha iliyo haki yao, na mwenye kuwaonea choyo hana moyo. Lakini tuitazame fedha ile inakwenda wapi: soda, barafu za rangi, chipsi, pipi, na soda tena. Si kwamba watoto wamekataa chungwa au dafu. Mara nyingi aliyewatangulia mlangoni ni muuza soda, na dafu liko mbali.

Nasi si maskini wa vyakula vyepesi. Hiki ni kisiwa cha machungwa, mananasi, maembe, mabungo na shokishoki. Samaki wa kuchoma, muhogo wa kuchemsha na maji ya ukwaju yasiyotiwa sukari nyingi ni vyakula ambavyo hotelini huwekewa mgeni mezani kama tunu. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtalii hutoka Ulaya kuja kuvila, na mtoto wetu huvipita akienda kwenye chipsi. Wakati huohuo, ni nani kati yetu asiyekuwa na jamaa mwenye maradhi ya sukari au shinikizo la damu? Ni nani asiyemjua mzee aliyekatwa mguu kwa kidonda kilichoanza kama mkwaruzo tu? Maradhi hayo hayaanzi uzeeni. Huanza katika mazoea, na mazoea hujengwa utotoni, hasa siku za furaha, kwa sababu kinacholiwa siku ya furaha hukumbukwa kuwa ndicho chakula kitamu.

Hapa hatuna budi kujikosoa, kwani kiongozi asiyejikosoa hana haki ya kumkosoa mwananchi. Sisi watumishi wa Chama na Serikali tukikaa katika semina, hata semina ya afya, huletewa nini saa nne za asubuhi? Sambusa, keki, chai iliyokwisha tiwa sukari, na soda mbili kwa kila mjumbe. Hakuna aliyeagiza. Ndivyo ilivyopangwa, na kwa kuwa ndivyo ilivyopangwa, tunakula. Hatukushindwa kuchagua, hatukuulizwa. Lile lililofanyika katika meza za watoto wa Florida laweza kufanyika katika meza zetu kesho asubuhi, bila ya sheria mpya wala fungu jipya la bajeti: chai ije bila ya sukari na mwenye kuitaka aiombe, maji na matunda yatangulie, na soda ifuate kwa mwenye kuiulizia.

Tukishajirekebisha sisi, tutakuwa na uso wa kuwaendea wengine. Tunapendekeza mambo matatu kwa wanaohusika na viwanja vya Sikukuu na vya kufurahishia watoto. La kwanza, maji safi ya kunywa yapatikane bure ndani ya uwanja, kwa sababu mtoto mwenye kiu na asiyeona maji atanunua soda. La pili, katika ugawaji wa sehemu za biashara, wauza matunda na madafu wapewe nafasi za mlangoni, palipo na watu wengi, badala ya kusukumwa pembezoni. La tatu, anayeuza chakula cha watoto ashauriwe kukiuza pamoja na kipande cha tunda, na chipsi zitolewe kwa anayeziomba. Kwa njia hiyo hakuna mfanyabiashara atakayefungiwa riziki yake, na hakuna mtoto atakayeharibiwa Idi yake.

Tulipokuwa chuoni, walimu wetu walitufundisha kwamba tumbo ligawanywe mafungu matatu: moja la chakula, moja la maji, na moja la pumzi. Wengi wetu tulilihifadhi fundisho hilo kwa ulimi, kisha tukaliacha mlangoni pamoja na viatu. Haikuwa kwa ubishi. Ilikuwa ni kwa sababu sahani ilikuja imejaa, na sisi tukaifuata.

Basi na iwe hivyo kwamba wapo watakaosafiri kwenda Harambe ya Florida. Watembee, wafurahi, wanunue matunda katika kibanda kile, na wawaambie watoto wao kwamba miji ya kweli ya Waswahili iko huku. Nasi wa huku tuhakikishe kwamba watoto hao watakapokuja kututembelea siku ya Sikukuu, kibanda cha kwanza watakachokiona langoni ni cha machungwa.