Maonyesho ya amani yasiishie kwenye kwaya na hotuba

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KWA miaka mingi Watanzania wamezoea kuiita nchi yao kisiwa cha amani. Sifa hiyo iliingia doa baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025, pale maandamano na vurugu vilipozuka katika miji kadhaa, ikiwamo Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Mbeya. Watu walipoteza maisha, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa.

Katika mjadala uliofuata, wapo waliosema amani kwanza, mengine baadaye. Wapo pia waliojibu kwamba amani isiyo na haki ni ukimya tu. Mjadala huo ni mpana na hauwezi kumalizwa na kijiji kimoja. Lakini lipo swali ambalo mwananchi wa kawaida anaweza kulijibu kwa mikono yake mwenyewe: majirani wa dini na madhehebu mbalimbali wakitaka kuijenga amani pale wanapoishi, waanzie wapi?

Njia mojawapo ni maonyesho ya amani. Hii ni siku ambayo makanisa, misikiti, shule na vikundi vya kijamii hukutana katika uwanja mmoja, kila kimoja kikiwa na banda lake, kuonyesha namna kinavyotatua migogoro na kuwasaidia wenye shida. Makala haya yanaeleza jinsi maonyesho ya aina hiyo yanavyoweza kuandaliwa Moshi mjini na katika vijiji vya mlimani, na kwa nini thamani yake haimo katika siku yenyewe, bali katika yale yanayotangulia na yanayofuata.

Kwa nini nyumba za ibada

Kilimanjaro ina mtandao wa nyumba za ibada wenye mizizi mirefu. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walijijenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, waliingia mwaka 1893. Tangu hapo mlima uligawanyika kimadhehebu kwa maeneo: Kibosho, Uru, Kilema na Rombo wakawa zaidi Wakatoliki, na Machame, Marangu, Mamba na Mwika wakawa zaidi Walutheri. Waislamu wapo mjini na katika vijiji vya mlimani, Wasabato wana nguvu kubwa upande wa Upare, na mjini wapo pia Wahindu na Masingasinga.

Muundo wa taasisi hizi ndio hazina ya mwandaaji. Parokia ya Kikatoliki ina vigango, na chini yake zipo jumuiya ndogo ndogo za familia chache zinazokutana nyumba kwa nyumba. Usharika wa Kilutheri una mitaa yake. BAKWATA ina uongozi hadi ngazi ya kata na msikiti. Tangazo likisomwa msikitini Ijumaa, kwa Wasabato Jumamosi na makanisani Jumapili, ndani ya siku tatu limekwisha kufika karibu kila nyumba, bila kulipia gazeti wala redio.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba nyumba za ibada zenyewe hazina ugomvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madai ya kuigawa Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania yalizua mgogoro mkubwa, na upande wa Meru ulifikia hatua ya vurugu na uharibifu wa mali. Waliopambana walikuwa waumini wa kanisa moja, wengi wao majirani na ndugu. Maonyesho ya amani yanayohubiri kwamba hatari iko baina ya Mkristo na Mwislamu tu yatakuwa yamesahau nusu ya historia.

Kamati kwanza, uwanja baadaye

Upo utaratibu mbaya uliozoeleka: kanisa moja huandaa kila kitu, kisha wengine hualikwa wiki moja kabla. Wageni hao huja, huketi meza kuu, huomba dua na kuondoka. Hapo hakuna kilichojengwa.

Inafaa kamati iundwe miezi sita kabla, ikiwa na wajumbe wasiozidi 12 kutoka pande zote, wakiwamo wanawake na vijana. Vikao vizunguke: leo ukumbi wa parokia, mwezi ujao madrasa, mwezi unaofuata usharikani. Wengi watakuwa wanaingia kwa mara ya kwanza katika eneo la ibada la jirani zao, na hiyo peke yake ni sehemu ya kazi ya amani. Mikoa na wilaya nyingi zina kamati za amani za viongozi wa dini, hivyo ni busara kuzishirikisha mapema badala ya kuanzisha chombo cha kushindana nazo.

Uchaguzi wa siku unahitaji hesabu. Septemba 21 ni Siku ya Kimataifa ya Amani, iliyoanzishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1981 na kuadhimishwa katika tarehe hiyo tangu mwaka 2002. Kwa Moshi ina faida nyingine: ni kipindi cha kiangazi, kabla ya mvua za vuli. Wengine watapendelea wiki ya Krismasi, kwa kuwa ndipo Wachaga walioko Dar es Salaam na kwingineko wanaporejea nyumbani, na ndipo familia zinapokaa kuzungumzia mali na mipaka. Ubaya wake ni kwamba barabara na nyumba za wageni hufurika.

Siku ya juma nayo ni mtihani. Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi ni Sabato, na Jumapili asubuhi makanisa yamejaa. Kinachobaki ni Jumapili kuanzia saa 8:00 mchana, ratiba ikisimama wakati wa swala ya alasiri na kufungwa kabla giza halijaingia. Kalenda ya mwezi mtukufu wa Ramadhani iangaliwe mapema, kwa kuwa husogea kwa takriban siku 11 kila mwaka.

Somo la Februari 2020

Usalama wa uwanja si jambo la kuachiwa siku ya mwisho, na Moshi inalijua hilo kwa uchungu. Februari 1, 2020, watu 20 walifariki dunia na wengine kujeruhiwa katika mkanyagano kwenye mkutano wa ibada katika Uwanja wa Majengo, waumini walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliokufa hawakufuata ugomvi. Walifuata maombi.

Kwa hiyo mkusanyiko wenye nia njema unaweza kuua kama hautapangwa. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi inamtaka mwandaaji wa mkusanyiko wa hadhara kutoa taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, lakini kamati makini haitasubiri saa 48. Itakwenda mwezi mmoja kabla, ikiwa na mchoro wa uwanja, kuzungumza na polisi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na maofisa wa halmashauri.

Mambo ya msingi si mengi. Milango ya kutokea iwe zaidi ya mmoja, iwe wazi muda wote na isizibwe na magari ya wageni rasmi. Kitu chochote kinachogawiwa bure, iwe fulana, maji au chakula, kigawiwe katika vituo vingi vilivyo mbali na milango. Watu wasiombwe kamwe kukimbilia sehemu moja kwa wakati mmoja. Kuwe na hema la huduma ya kwanza, gari la wagonjwa, na taarifa itolewe mapema kwa hospitali za Mawenzi na KCMC. Kuwe pia na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha shughuli, hata kama askofu au shehe yuko katikati ya hotuba.

Chungu cha pamoja

Chakula huunganisha watu, lakini kisipoangaliwa huwatenganisha. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa kwa umma ulisababisha kifo cha mchungaji. Kwenye maonyesho, suala hilo limalizwe katika kikao cha kamati, si jikoni. Njia rahisi ni mchinjaji awe Mwislamu pale chakula kinapokuwa cha wote, kama desturi ya muda mrefu ilivyokuwa sehemu nyingi nchini, au kupika vyakula visivyo na nyama. Ndizi, maharage, wali na matunda havina dini.

Mbege nayo izungumzwe waziwazi. Kwa Mchaga ni kinywaji cha heshima, na bila hiyo wazee wengine huona kikao hakijakamilika. Lakini Waislamu, Wasabato na Wakristo wengi wa madhehebu mengine hawanywi pombe. Banda la utamaduni linaweza kuonyesha jinsi mbege inavyotengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi, bila kuinywesha uwanjani.

Isale, kihamba na mfongo

Ukienda maonyesho ya amani ukakuta mabango ya njiwa na kwaya tano tu, utarudi nyumbani bila kitu. Kilimanjaro ina mambo yake ya kuonyesha, na la kwanza ni isale. Mmea huu hupandwa kuzunguka kihamba kama alama ya mpaka. Jani lake ndilo pia mkosaji humpelekea aliyemkosea, aghalabu kwa mkono wa mpatanishi, kuomba msamaha. Na kwa mila si rahisi kulikataa. Mmea uleule unaosema hapa ni kwangu, pale ni kwako, ndio unaosema tusameheane. Wazee wakipewa banda la kuwaeleza vijana matumizi yake, watafundisha mengi kuliko hotuba ya saa nzima.

La pili ni ardhi. Mlimani ardhi ni finyu, na kihamba hugawanywa kila kizazi. Kwa mila kilirithiwa na wana wa kiume, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki sawa ya mwanamke. Mahali ambapo mila na sheria hazijakutana ndipo ndugu wanaposhitakiana, na wakati mwingine kuumizana. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza ya kata hayaamui tena mashauri ya ardhi, bali husuluhisha. Wananchi wanapaswa kulijua hilo, na banda la wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ni mahali pazuri pa kulijulia. Moshi ina shirika la KWIECO, ambalo kwa miaka mingi limewasaidia wanawake katika mashauri ya namna hiyo.

La tatu ni maji. Mifongo, ile mifereji ya asili inayoteremsha maji kutoka msituni hadi mashambani, ina kamati na zamu za watumiaji. Hapo kuna somo la namna ya kugawana kitu kisichotosha, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, inaweza kukaa meza moja na watumiaji wa juu na wa chini.

Mifano ya jirani inaonyesha kwamba watu hupatana haraka wakifanya jambo pamoja. Tangu mwaka 2003 mwanariadha wa Kenya, Tegla Loroupe, amekuwa akiandaa mbio za amani zinazokutanisha wafugaji wa jamii zilizokuwa zikiibiana mifugo kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo na kwa jirani zao wa Uganda. Zanzibar, mradi wa Upendo umewaweka wanawake Waislamu na Wakristo katika darasa moja la ushonaji.

Watu na fedha

Wa kujitolea wapatikane kupitia vikundi vilivyopo: VIWAWA na WAWATA kwa Wakatoliki, umoja wa vijana na wa wanawake kwa Walutheri, vijana wa misikitini, skauti na Msalaba Mwekundu. Siri ni kuwachanganya. Katika kila mlango asimame kijana wa kanisani na wa msikitini pamoja. Kila mmoja apewe kazi moja iliyoandikwa, na mafunzo ya nusu siku uwanjani hapohapo.

Kuhusu fedha, michango midogo ya wengi ni bora kuliko mfadhili mmoja mwenye masharti. Sharika za mlimani zina utamaduni wa mnada baada ya ibada, ambapo mkungu wa ndizi au jogoo aliyetolewa sadaka hununuliwa na mwenye moyo. Mnada mmoja wa pamoja unaweza kulipia mahema na vipaza sauti. Hesabu zisomwe hadharani, kwa maana fedha zisizoelezwa zimevunja kamati nyingi.

Vivyo hivyo, bendera za vyama zibaki nyumbani. Kiongozi wa siasa aje kama jirani, atembelee mabanda na kusikiliza. Uwepo pia ubao au meza ambapo mwananchi anaweza kueleza malalamiko yake bila kutishwa. Maonyesho ya amani yanayokataza watu kulalamika yatakuwa yamejibu ule mjadala wa amani na haki kwa njia mbaya kuliko zote.

Kesho yake

Kipimo cha kazi yote si idadi ya waliohudhuria. Ni maswali matatu, yaulizwe miezi mitatu baadaye. Je, kamati bado inakutana? Je, ni migogoro mingapi iliyofikishwa kwenye meza ya usuluhishi imefika mwisho? Je, likizuka jambo usiku, padri, mchungaji na imamu wana namba za simu za wenzao, na watapokea?

Jibu likiwa ndiyo, basi mahema yaliyokodishwa yamelipa. Likiwa hapana, kamati isikimbilie kupanga maonyesho ya mwaka unaofuata. Ianze na kikao kimoja, katika nyumba ya yule ambaye hakualikwa mara ya kwanza.