Pikapu ya Mtumba Yataka Breki Kabla ya Springi

Mwenye kununua pikapu iliyotumika hununua vitu viwili kwa pamoja: gari analoliona na historia asiyoijua. Hapo ndipo busara inapohitajika, kwa maana shilingi za kwanza anazozitumia baada ya kulilipia gari ndizo huamua iwapo chombo hicho kitamhudumia, kitamfilisi, au hata kumwangamiza.

Jambo hili lazihusu mno shule zetu. Shule nyingi za bweni hutegemea pikapu, iwe yao wenyewe au ya kukodi. Ndiyo iletayo mahindi na maharagwe, ndiyo ibebayo kuni na madawati, na ndiyo imkimbizayo mwanafunzi mgonjwa hospitalini usiku wa manane. Aghalabu gari lenyewe si jipya. Limenunuliwa mnadani, au limepitia mikononi mwa wenyewe wawili watatu. Hakuna aibu katika hilo. Toyota Hilux, Isuzu, na hata zile Peugeot 504 zilizowahi kuunganishwa humu nchini, zimedhihirisha kwamba pikapu ikitunzwa huweza kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20.

La kusikitisha ni kwamba wengi huanzia mwisho. Gari likishafika, hatua ya kwanza ni kulipeleka kwa fundi aongeze chuma kimoja au viwili katika springi za nyuma ili “libebe vizuri”. Nyuma huinuka, gari likasimama kama jogoo, na mwenyewe akaridhika kwamba sasa amepata lori. La hasha! Amepata pikapu ile ile, ila sasa haisemi inapolemewa.

Hebu tufanye hesabu. Gunia moja la mahindi lina kilo 90. Pikapu iliyoundwa kubeba tani moja, yaani kilo 1,000, hubeba pia dereva na mpakizi wake, na watu hao wawili wakiwa na kilo 70 kila mmoja, basi kilo 140 zimekwisha kutumika. Zimebaki kilo 860, ambazo ni magunia tisa. Gunia la kumi limepita kipimo. Je, ni mara ngapi tumeona magunia 20 yamerundikwa juu ya gari la aina hiyo? Magunia hayo ni kilo 1,800. Springi zilizoongezwa huenda zikayahimili, lakini ekseli, tairi na breki hazikuongezwa kitu. Kila mwanafunzi wa fizikia ajua kwamba nishati ya kitu kinachokwenda huongezeka sambamba na uzito wake, na kwamba mwendo ukiongezwa maradufu, nishati hiyo huongezeka mara nne. Nishati yote hiyo hugeuka joto ndani ya breki dereva anapokanyaga pedeli.

Isitoshe, pikapu nyingi za Kijapani, Hilux ikiwemo, zina vali ndogo karibu na ekseli ya nyuma, iliyounganishwa nayo kwa ufito wa chuma. Kazi yake ni kupima mzigo. Nyuma ikididimia kwa uzito, vali hufunguka zaidi na breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, nguvu hiyo hupunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasikwame ghafla na gari likateleza. Sasa zifikirie springi zilizoongezwa vyuma. Mzigo upo, lakini nyuma haididimii ipasavyo. Vali hudanganyika kwamba gari ni tupu, ikazinyima breki za nyuma nguvu wakati ule ule zinapohitajika. Fundi asiyeirekebisha vali hiyo baada ya kuongeza springi amelipunguzia gari breki huku mwenyewe akimshukuru na kumlipa.

Basi fedha zianze wapi? Zianze pale ambapo uhai hutegemea. Kwanza ni breki: pedi na lainingi zikaguliwe, paipu za mpira zilizopasuka zibadilishwe, na kiowevu cha breki kimwagwe na kutiwa kipya. Kiowevu hiki hunyonya unyevu wa hewani. Kile cha daraja la DOT 3, kikiwa kipya, hakichemki kabla ya kufika nyuzi 205 za selsiasi, lakini kikishanyonya maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi karibu na nyuzi 140. Katika mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Iten kuelekea bonde la Kerio, kiowevu kikichemka hutoa mapovu ya mvuke, na pedeli huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Gharama ya kukibadilisha kila baada ya miaka miwili ni ndogo ikilinganishwa na msiba.

Pili ni tairi. Kina cha mikato yake kisitazamwe peke yake. Ubavuni pana tarakimu nne zinazoeleza umri: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi yaweza kuwa na mikato mizuri nayo imezeeka na kuwa na nyufa. Upepo nao upimwe kila wiki, kwani tairi yenye upepo haba hujikunja, hupata joto na hatimaye hupasuka.

Tatu ni injini. Kwa kuwa historia haijulikani, na kwa kuwa kipimo cha kilomita huweza kurudishwa nyuma na watu wasio waaminifu, mnunuzi na ajifanye hajui lolote. Abadilishe oili na machujio yote, aoshe rejeta, na iwapo injini hutumia mkanda wa mpira kuendesha vali, atie mpya. Katika injini nyingi za dizeli mkanda huo ukikatika, pistoni hugonga vali na injini ikaharibika kwa dakika moja.

Mambo haya yakishakamilika, nyongeza ndogo ndogo zina mahali pake. Taa zenye mwanga wa kutosha na zilizoelekezwa sawasawa, mikanda ya usalama kwa kila kiti, vyuma imara vya kufungia kamba, na turubai lisilovuja: hizi ndizo nyongeza zinazolipa. Bampa kubwa la kung'aa na redio yenye kishindo havijawahi kulisimamisha gari lolote.

Wako watakaosema kwamba shule haina fedha, na kwamba safari mbili za magunia tisa hugharimu mafuta zaidi ya safari moja ya magunia 18. Ni kweli, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini anayeokoa mafuta hayo huyalipa kwa tairi zilizopasuka, ekseli iliyopinda na klachi iliyoungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ikiwa juu ya magunia hayo wameketi vijana wanaotoka mashindanoni, hakuna hesabu ya mafuta inayoweza kusimama mbele ya wazazi wao.

Waalimu wana nafasi ya pekee katika suala hili. Kila shule yenye gari na iwe na daftari ambamo huandikwa kilomita, tarehe ya kubadilisha oili, kiowevu na tairi, na uzito wa kila shehena. Daftari hilo litamrithisha dereva wa kesho historia ambayo sisi hatukurithishwa na mwuzaji. Mwalimu wa fizikia naye na awatoe wanafunzi darasani wapime umbo la springi gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, kisha wakokotoe magunia halali. Siku dereva atakapoambiwa aongeze gunia la kumi, huenda akawapo kijana mmoja mwenye ujasiri wa kusema, kwa heshima na kwa hesabu, kwamba halibebeki.